Wastani wa Mita Tano

Mezani jikoni, kati ya jibini ya kahawia na bili ya umeme,
Torunn Eikeland amechora jedwali kwa penseli:
chuo, ada, mwisho wa maombi, nani atanisemea.
Oslo. Halmstad. Mji mmoja wa Ufini
ambao jina lake hulisoma kimyakimya, ulimi usijikwae.
Nje, mvua ya Bergen inanyesha
kama mtu anayehesabu na kusahau alipofika.

Fomu inataka maneno mia tatu:
Kwa nini saikolojia ya michezo na mazoezi?
Ameandika, "Tangu utotoni napenda michezo."
Amefuta.
Ameandika, "Nilichupa miaka kumi na mmoja
kutoka jukwaa la mita kumi, mpaka bega likakataa."
Amefuta nusu. Bega ameliacha.

Kinachomleta hapa hakiingii kwenye kisanduku.
Ni Sunniva, miaka kumi na minne,
Jumanne moja ya Februari, vidole vya miguu ukingoni,
mchupo aliokwisha kuufanya mara mia mbili
umemtoka mwilini kama jina la jirani wa zamani.
Chini, kocha Hallvard anapiga makofi: haya, haya!
Hallvard asemaye hofu ni uvivu uliovaa miwani.
Na Torunn, msaidizi wake, taulo begani,
akapaza sauti: "Usifikirie!"

Usifikirie.
Mwambie mtu asimeze mate, uone
koo litakavyojaa.
Msichana akashuka kwa ngazi, kinyumenyume,
kidato kwa kidato, chuma kikilia chini ya nyayo zake.
Neno lile halijashuka bado.

Halafu kuna bwana Asbjørn wa saa moja asubuhi,
upande wa maji ya kifua, na juu ya maji mshono.
Fundi wa mashine za meli, amestaafu.
Daktari amemwambia atembee majini, aongeze mwendo.
Haongezi. Moyo ukianza kwenda mbio
hudhani unamkimbia yeye.
Husimama, mkono ukutani,
akausikiliza kama injini asiyoiamini.
Torunn humpigia hesabu: hatua nne, pumziko. Nne, pumziko.
Kwa nini nne? Hajui. Inafaa, basi.
Angependa kujua.

Lugha hii ninayomsimulia nayo, ambayo yeye haijui,
inaiita shahada anayoitaka uzamili,
na ile iliyo juu yake uzamivu;
kadiri unavyopanda ndivyo unavyozama.
Angecheka. Angesema, basi kwenu wanaelewa
kwamba watu hupanda ngazi ili wafike chini.

Lakini takwimu! Alipata D, na hiyo kwa huruma.
Lakini akiba ni kroni elfu arobaini na moja,
na barua moja ya sifa sharti itoke kwa Hallvard.
Amempigia. Kimya; nyuma yake maji yanapasuka.
"Unataka kwenda kusomea woga?"
"Ndiyo."
"Miaka miwili?"
"Miwili."
"Nitumie hiyo anwani," akasema, akakata.
Mpaka leo hajui kama atamsifu
au atawaonya.

Saa nne usiku. Kaka yake Sjur amesinzia kochini, viatu mguuni.
Tarehe ameandika. Sahihi bado.
Amefungua kitabu cha takwimu kilichopita mikono mitatu,
sura ya kwanza, Wastani,
na pembeni, kwa penseli ileile, amejitungia zoezi:

Mtu mmoja yuko mita kumi juu.
Mwingine yuko sifuri, majini, ameshika ukuta.
Tafuta wastani wao.

Tano, ameandika.
Halafu, kwa herufi ndogo:
hapo hakuna mtu.